Nguo za Domnitsa Zamfira

Nilimwogopea Domnitsa Zamfira vitu vingi. Nilimwogopea mabomu, nikamwogopea Wajerumani, nikamwogopea barafu ya mtoni na madereva walevi wa jeshi. Sikuwahi kumwogopea upendo wa watu, na upendo wa watu ndio uliommaliza.

Domnitsa kwetu ni binti wa watawala. Babu wa babu yake alitawala Moldova nzima, na ingawa ukoo ulishabakiwa na jina na nyumba inayovuja, hakuna mtu wa mji wetu, Poiana Seaca, aliyemwita vingine. Isipokuwa mimi. Mama yangu ndiye aliyemnyonyesha, mimi titi la kushoto, yeye la kulia, kwa hiyo nilimwita Zamfira, na nikitaka kumkasirisha nilimwita Zamfi. Yeye alinitania kwamba nilipata titi lenye maziwa mazito ndiyo maana nimejaa hivi. Nilimjibu kwamba yeye alipata lile lisilokuwa na akili.

Akili ya kujihurumia, hasa. Hiyo hakuwa nayo. Kabla ya vita alishajaza nyumba yake mayatima mpaka akawa analala chumba cha kupigia pasi. Vita vilipokuja, nusu ya nchi ikakimbilia kwetu na homa ya chawa nyuma yake, akaichukua seminari ya mapadri akaifanya hospitali, akahamia humo na mimi nikamfuata nikinung'unika. Alilisha askari kwa kijiko. Aliwaandikia mama zao. Aliwakata kucha za miguu, jambo ambalo mimi nisingemfanyia hata mume wangu. Watu walimpenda kupita kiasi. Wanawake walikata picha yake magazetini wakaibandika pembeni ya picha ya Bikira Maria, na taa moja ya mafuta ikawaka mbele ya zote mbili. Padri Gerasim alihubiri kwa ukali dhidi ya jambo hilo. Wiki iliyofuata nilikwenda nyumbani kwake kuazima sufuria, nikaiona picha ile ile ukutani kwake.

Sasa nieleze habari ya nguo.

Homa ile hubebwa na chawa. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakuwa wanapiga mafumbo, walikuwa wanajikuna. Daktari Lupashku, mtu mfupi mwenye hasira ndefu, alituletea tanuri la mvuke, na Domnitsa akatoa amri moja tu katika hospitali nzima: hakuna uzi utakaotoka kwa maiti kwenda kwa mzima bila kupita kwenye tanuri. Amri nzuri. Lakini iligongana na jambo ambalo kwetu lina umri mkubwa kuliko hospitali zote.

Sisi nguo za marehemu tunazitoa sadaka. Unampa mtu aliye hai, unamwambia, "Iwe kwa roho ya fulani," naye anajibu, "Mungu amrehemu," na anaivaa pale pale mbele yako. Akiivaa yeye hapa, marehemu naye anaivaa kule. Asipoivaa mtu, au ikichomwa, marehemu anasimama uchi kwenye baridi isiyokwisha. Na ikipikwa kwenye mvuke mpaka ikapoteza harufu yake, atajuaje kuwa ni yake? Makoti ya ngozi ya kondoo ndiyo yaliyoleta ugomvi mkubwa, kwa sababu yaliingia tanurini makoti yakatoka magumu kama mbao, hata mtoto hayamtoshi. Wanawake wakaanza kuyaficha chini ya sketi. Msiwacheke. Mimi nilijua chawa ni nini, nilishawaona watu wakifa kama nzi, na bado niliamini habari ya baridi ya kule. Naamini hadi leo.

Mwishoni mwa Januari ilikuwa arobaini ya Gavril, mtoto wa pekee wa kiume wa mjane Paraskiva. Kijana huyo alifia wodini kwetu, kichwa chake kwenye mapaja ya Domnitsa, akimwita mama. Paraskiva hakuwahi kusahau hilo. Alituma mtu kutualika, na Domnitsa akasema tutakwenda. Daktari akasema tusiende. Tukaenda.

Uwanja wa kanisa ulijaa. Theluji ilikuwa imekanyagwa ikawa matope, mishumaa ilichomekwa kwenye ngano iliyochemshwa kwa asali, na watu walikuwa wanakula huku wakipuliza vidole. Mambo yalikwenda vizuri mpaka Paraskiva alipoingiza mikono chini ya blanketi alilojifunika na kutoa koti la ngozi ya kondoo, zuri, jeupe, lenye maua mekundu yaliyotariziwa kifuani.

"Domnitsa, mwanangu," alisema, "wewe ndiye uliyemfumba macho Gavril. Nimpe nani mwingine? Pokea. Liwe kwa roho yake."

Nilimshika mkono. "Zamfira, usithubutu," nilimnong'oneza.

"Mama Paraskiva," alisema Domnitsa kwa upole, "koti hili limepita hospitali?"

"Limepita moyoni mwangu," alijibu Paraskiva. "Nimelilalia tangu alipokwenda."

Kisha seremala mmoja, ambaye alishaonja pombe ya plamu tangu asubuhi, akasema kwa sauti, "Sisi tukipewa, tunashukuru. Wakubwa wakipewa, wanauliza maswali."

"Labda kondoo wetu wanawawasha," akadakia mke wake, na watu wakacheka, ila hakikuwa kicheko kizuri.

Paraskiva hakucheka. Alizidi kulinyoosha koti, machozi yakimdondoka juu ya maua yale mekundu. "Atakuwa na baridi, Domnitsa," alisema. "Mwanangu hakuzoea baridi."

Nilimjua Zamfira tangu maziwani, nikajua anachofikiria. Tayari kulikuwa na nyumba zinazoficha wagonjwa nyuma ya majiko makubwa ya udongo, yale tunayolala juu yake wakati wa baridi, ili wasiletwe kwetu. Akilikataa koti hili mbele ya kanisa zima, hakuna mama atakayetuletea mtoto wake tena. Hayo ndiyo aliyofikiria kichwani. Moyoni, naamini, hakufikiria chochote. Alimwona mwanamke analia tu. Aligeuka, akanyoosha mikono nyuma kama mtoto anayevishwa, na Paraskiva akamvisha.

"Mungu amrehemu Gavril," alisema Domnitsa.

Watu wote walilia. Hata seremala alilia. Paraskiva alimkumbatia, akamfunga vifungo mpaka shingoni, akamlisha ngano kwa mkono wake. Mimi nilisimama nyuma yake nikitazama kola. Katika mshono wa kola, kitu kidogo cha kijivu kilikuwa kinatembea bila haraka, kama mtu aliyefika kwake.

Tuliporudi, Daktari Lupashku alinisikiliza, akalitupa koti kwenye pipa la mafuta ya taa na kumwamrisha Domnitsa avue kila kitu nyuma ya pazia. Alikuwa mwekundu kama nyanya.

"Ulivaa muda gani?"

"Muda wa kula ngano."

"Ungesema unaumwa! Ungezimia! Ninyi wanawake wa kiungwana si ndiyo kazi yenu kuzimia?"

"Somo hilo sikulifaulu," alisema Domnitsa kutoka nyuma ya pazia. Mimi nilikuwa namsugua mgongo kwa mafuta ya taa, na chini ya bega nikaona alama za kuumwa, nyekundu, zimepangana. Sikumwambia. Nadhani alijua kutokana na jinsi mkono wangu ulivyosimama.

Homa ile haiji upesi. Inakuacha kwanza ule, ulale, ucheke, mara wiki moja, mara karibu mbili, na katika siku hizo hakuna daktari wala mtakatifu anayeweza kukwambia kitu. Kila asubuhi nilimfungua vifungo nimtazame kifua. Nilimgusa paji la uso kila alipopita karibu nami.

"Safta, unanikagua kama mnunuzi wa farasi," alilalamika.

"Toa ulimi."

"Utaniangalia na meno?"

"Toa ulimi, Zamfi, kabla sijakuzaba kofi."

Alicheka, akautoa. Usiku sikulala, na mchana nilidondosha vyombo. Chakula kilinishinda. Na kama vile hofu yangu haikutosha, tukaanza kuona matunda ya lile koti. Wanawake walikuja mlangoni kuchukua nguo za watu wao waliokufa, na safari hii hawakuzificha tena. "Tupe hivyo hivyo," walisema. "Hata Domnitsa amevaa." Zilizokuwa majumbani zilitoka masandukuni, zikapita mkono kwa mkono, kwa mpwa, kwa jirani, kwa yatima, kila moja na baraka yake na wadudu wake. Vitanda vilijaa. Tukalaza watu ukumbini, kisha kwenye ngazi. Domnitsa alipita katikati yao akiwahesabu kwa macho, na uso wake ukawa unazidi kukauka.

"Wameniiga," aliniambia. "Safta, wameniiga mimi."

"Nyamaza, ungefanyaje?"

"Jumapili nitasimama kanisani niwaambie nilikosea. Wanichukie wakitaka."

Ijumaa tulikuwa tunakula, ugali wa mahindi na supu chachu ya kabichi, karibu na dirisha. Nje kulikuwa na mawingu na theluji, mwanga hafifu wa kawaida wa Februari. Domnitsa aliweka kijiko mezani, akajifunika macho.

"Nani ameongeza taa humu?" aliuliza.

Hakukuwa na taa hata moja. Homa ile huanzia machoni, nikajua.

Siku zilizofuata sitazisimulia zote. Madoa yalitoka kifuani, kisha tumboni. Mara alizungumza Kifaransa na mwalimu wake aliyekufa zamani, mara aliniita mama. Habari zilienea, na watu wakaja. Walijaza uwanja wa seminari, wakapiga magoti kwenye theluji, wakaimba. Kwa mara ya kwanza niliwapenda. Nilifungua dirisha kidogo ili asikie nyimbo, na hapo ndipo niliposikia wanawake waliokuwa chini ya ukuta wakizungumza.

"Mimi naomba shali tu," alisema mmoja. "La kijivu."

"Shali nimelisema mimi tangu jana, mwenzangu, usinipande kichwani."

"Basi hata soksi. Mwanangu kifua kibovu, kitu cha Domnitsa kitamkinga."

"Tutakata. Tukikata vizuri kila nyumba itapata kipande."

Alikuwa bado anapumua, nao wanamgawana. Na hawakuwa wabaya! Hicho ndicho kilichonitisha, walikuwa wanalia kweli kweli huku wanagawana. Nilifunga dirisha. Nilipogeuka, Zamfira alikuwa amefumbua macho, ametulia, ni yeye mwenyewe.

"Umesikia?" aliniuliza.

"Sijasikia kitu."

"Safta. Tanuri limepona?"

Tanuri lilikuwa limepasuka siku mbili kabla, maji yaliganda kwenye bomba usiku wa baridi kali. Fundi hakuwepo, bomba jingine halikuwepo. Nilitaka kumdanganya nikashindwa. Nilitikisa kichwa.

"Basi zichome," alisema. "Zote. Magauni, shali, soksi, shuka hili. Nizikwe na shuka lililolowekwa chokaa kama askari wangu."

"Sitaki kusikia upuuzi."

"Hawatangoja zichemshwe. Watakata vipande, na kila kipande ni jeneza. Hakuna nguo mbaya kuliko zangu Moldova nzima, kwa sababu kila mtu anazitaka."

"Utakuwa uchi!" Nilipiga kelele, Mungu anisamehe, nilimpigia kelele mgonjwa. "Unajua maana yake? Utasimama kule mbele ya babu zako wote, mbele ya mama yetu, uchi, kwenye baridi, wala hakuna mtu atakayekufunika mpaka siku ya kiama!"

Alifumba macho. Nilidhani homa imemchukua tena. Kisha nikaona machozi yanamtoka pembeni ya macho na kuingia masikioni.

"Unadhani siogopi?" alisema. "Naliogopa hilo kuliko kufa. Ndiyo maana nakuomba wewe, sikumwomba daktari. Yeye angechoma takataka. Wewe utajua unachochoma."

Niliapa. Nilishika msalaba wake nikaapa, na wakati naapa nilikuwa nimeshaanza kutafuta njia ya kuvunja kiapo.

Alikufa kesho yake asubuhi, kengele za kanisa zikipigwa. Tulimfunga kwenye shuka la chokaa, mimi na daktari. Hakunisaidia mtu mwingine. Kisha nikakusanya nguo zake kwenye kikapu cha kufulia, na hazikujaza hata nusu: binti wa watawala wa Moldova alikuwa na magauni meupe ya wodini, gauni moja la sufu, soksi, vitambaa vya kichwa na shali la kijivu. Shali lile lilifumwa na mama yetu. Lilikuwa na harufu ya Zamfira, sabuni na karafuu. Nililiweka chini kabisa ya kikapu na nikajiambia, hili moja. Hili moja nitalitoa kwa mtu mmoja, kimya kimya, na yeye atakuwa nalo kule mabegani. Shali moja haliwezi kuua mji.

Askari waliwasha moto uwanjani, na Daktari Lupashku akawasukuma watu nyuma. Nilipotoka na kikapu walielewa kabla sijasema neno. Mlio uliotoka kwenye ule umati sijausikia tena maishani, na naomba nisiusikie.

"Safta, unafanya nini? Safta!"

"Mchawi! Umenyonya naye titi moja, sasa unamvua!"

"Mpokonyeni!"

Bonge la barafu lilinipiga sikioni. Nilitupa magauni. Nilitupa soksi. Kwa kila kilichoungua nilimwona akivuliwa, bega, goti, mguu. Daktari alinishika kiuno nisianguke. Nikabaki na shali, na hapo Paraskiva akawa amepenya askari, amesimama mbele yangu, mdogo, bila kelele yoyote.

"Nipe hilo," alisema. "Nitalivaa mimi. Najua lina nini, usinifiche, najua sasa na koti langu lilikuwa na nini. Nitalivaa nife. Mimi mzee, nina faida gani? Yeye atajifunika."

Ni nani angekataa? Niambieni. Mwanamke yuko tayari kufa ili ndugu yangu asipate baridi, na mimi natafuta mtu huyo huyo. Nilishanyoosha mkono. Vidole vyake viligusa pindo. Kisha nikamwuliza swali ambalo hadi leo natamani nisingeliuliza.

"Unalala na nani, Mama Paraskiva?"

Alilikamata pindo vizuri zaidi.

"Baridi hii, juu ya jiko, unalala na nani?"

"Na wajukuu," alisema. "Watoto wa binti yangu." Na akalivuta shali, nami nikalivuta, wazee kwa vijana wakitutazama, tukavutana kama watoto wanaogombea kamba. Mimi nilikuwa na nguvu zaidi. Lile titi la kushoto. Lilipoingia motoni lilikunjamana lote kwa pamoja, na Paraskiva akaketi kwenye theluji, akaanza kumlilia Zamfira kwa jina, kama anavyoliliwa binti wa nyumbani.

Majira ya machipuko homa ilikwisha Poiana Seaca. Wengine wanasema ni jua, wengine wanasema ni maombi ya Domnitsa huko aliko, na kila mwaka wanamwashia mishumaa. Wajukuu wa Paraskiva wote walikua. Mmoja ni fundi cherehani, ana tumbo kubwa na anaponiona anavuka barabara. Watu hawa wanamsimulia Domnitsa kama malaika, na wakifika mwisho wa hadithi wanashusha sauti: Safta ndiye aliyempeleka uchi. Wala sibishani nao. Ni kweli.

Sijutii. Lakini naogopa, na hofu yangu haijazeeka nilivyozeeka mimi. Kila Januari upepo ukianza kupiga madirisha naamka nikisikia meno yanagongana, na si yangu. Kufa kwenyewe hakunitishi. Naogopa kumkuta.

Juzi nilimwita binti yangu nikamwambia, nikifa nivisheni magauni mawili ya sufu, moja juu ya jingine.

"Mama we," alisema, "watu watakucheka. Utalala jenezani kama kabichi."

"Wacheke. La chini ni langu. La juu mtanivisha tu, msilifunge vifungo."

"Kwa nini lisifungwe?"

"Nisichelewe kulivua," nilimwambia.